Piano ya Usharika Mama: Tuitengeneze au Tuiache?

Mada iliyosomwa Isaka mbele ya wana wa usharika waishio Shinyanga na Geita, wakati wa maandalizi ya Jubilei ya Miaka 100



Kamati ya Jubilei ya usharika wetu mama huko Kagera imetuletea orodha ya kazi zinazohitaji michango yetu sisi tulio mbali. Paa la darasa la watoto, tangi la maji, uzio wa makaburi, uchapishaji wa kitabu cha historia: juu ya hayo hapana mwenye kinyongo, na mtunza hazina wetu atayasemea baadaye. Limebaki jambo la tano, nalo ndilo lililokigawa kikao cha wazee huko nyumbani hata wakaona afadhali walilete kwetu. Ni ile piano kuukuu. Fundi aliyeitwa kuitazama ameandika kwamba inaweza kulia tena iwapo mitambo yake ya ndani itafunguliwa yote na kurekebishwa, na gharama aliyoitaja inazidi mara tatu bei ya kinanda kizuri cha umeme. Wako wasemao itengenezwe kwa kuwa ni urithi. Wako wasemao ni kabati lenye meno, liachwe. Mimi nimeombwa niseme kwa sababu mbili: nilijifunza kupiga kinanda cha kukanyaga nilipokuwa mwanafunzi Makumira, na mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa mazishi, nikapata siku mbili za kuifungua piano hiyo na kuitazama vizuri.

Kwa ajili ya vijana ambao hawakuwahi kuiona, ni piano ya Kijerumani, ya kusimama, yenye vibonyezo 85, kama zilivyokuwa nyingi kabla viwanda havijazoea hesabu ya 88. Haikuwa mpya ilipoletwa na wamisionari wa Betheli mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndani ya mlango wake wa chini kumebandikwa karatasi ya mizigo ya reli; maandishi yamefifia, lakini neno Mwanza lasomeka bado. Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, nayo yapita hapa hapa. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Isaka, mzigo huo ulikwisha kupita mbele ya stesheni yenu kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa, ukaenda kupakiwa melini na kuvuka ziwa hadi Bukoba.

Vita vilipoanza mwaka 1939 wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, na kuanzia mwaka 1942 Waswidi wakaja kuishika kazi. Wenyeji wake waliondoka, piano ikabaki. Ilitumika kufundishia walimu, baadaye ikatumika katika mazoezi ya kwaya, na wengi wetu wenye mvi tuliimba sauti zetu za kwanza tukiifuata. Mwalimu aliyeipiga kwa miaka mingi alipolala hakuwa na mrithi. Kisha likaja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi mno katika Kagera. Ukuta wa chumba cha kwaya ulipasuka, piano ikahamishiwa ghala la kahawa, nako ndiko iliko hata leo, imewekewa magunia juu yake. Simlaumu mtu. Watu walikuwa wakilala nje. Nani angeihangaikia piano?

Sasa niieleze hiyo mitambo ya ndani, maana tunaombwa fedha kwa ajili yake na si haki kuchangia kitu tusichokijua. Watu wengi hudhani kwamba anayepiga piano huzigusa nyaya. La, yeye hugusa kibonyezo, ambacho ni mti mrefu uliolazwa kama pembea ya watoto. Kidole kikishuka kwa kiasi cha sentimeta moja, upande wa nyuma wa mti ule huinuka na kukisukuma kijiti, nacho kijiti huisukuma nyundo ndogo ya mti iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa. Hapo ndipo penye ujanja wote. Nyundo ingesukumwa mpaka mwisho ingegandamana na waya, sauti ingekufa papo hapo. Kwa hiyo, nyundo ikiwa karibu sana na waya, kile kijiti huteleza na kuiachia. Nyundo humalizia safari peke yake kwa kasi iliyopewa, hugonga, hurudi, na kujiweka tayari. Wakati huohuo pedi ya sufu iliyokuwa imeubana waya ili usivume hujitenga, na kidole kinapoondoka hurudi kuunyamazisha. Ndiyo maana kidole kizito hutoa sauti kubwa na kidole chepesi hutoa sauti ndogo, jambo ambalo vinanda vya kale vya nyaya havikuliweza hivyo. Aliyebuni ujanja huo ni Mwitalia, Bartolomeo Cristofori wa Florence, karibu mwaka 1700. Yote yaliyofuata yamekuwa marekebisho ya wazo lake.

Katika piano ya kusimama nyundo hazianguki kwa uzito wake, kwa maana zimesimama wima. Hurudishwa kwa msaada wa springi nyembamba na utepe mdogo wa pamba ulioshonewa ngozi. Utepe huo ni kitu duni kabisa, huweza kukatwa kwa mkasi wa mwanafunzi. Ukioza, nyundo hupoteza wepesi wake wa kurudi, na zikiinuliwa nje hunasana na kuvunjika mikono. Zidisha sasa: utepe, springi, ngozi, sufu, pini nyembamba ya shaba katika kila kiungo, na kila kiungo kimevikwa kitambaa ili kisilie. Kwa nyundo 85 unapata vipande maelfu. Hapana hata kimoja kilicho kigumu kukitengeneza. Ugumu ni kwamba lazima vyote viwe sawasawa, na kazi ile ile hurudiwa mara 85 bila kuchoka wala kulipua.

Ninyi wa Isaka mnayo elimu ya kulipima jambo hili kuliko wazee wetu wa nyumbani. Mnaishi na malori ya Rwanda na Burundi yanayopakia kwenye bandari kavu, na mmeona injini nyingi zikifunguliwa kando ya barabara. Fundi mwenye akili hanunui ringi na pistoni kabla hajaipima bloku. Bloku ikiwa imepasuka, pistoni mpya ni fedha iliyotupwa. Ndivyo ilivyo kwa piano. Swali la kwanza halihusu mitambo ya nyundo hata kidogo. Lahusu mwili unaoibeba: fremu ya chuma, gogo la mti ambamo misumari ya kukazia nyaya imepigiliwa, na ule ubao mpana wa nyuma unaozikuza sauti. Nyaya za piano moja zikikazwa zote huvuta kwa nguvu ya tani 15 hadi 20. Fremu yenye ufa haitazibeba, na gogo lililolegea halitashika misumari, hata ukiikaza asubuhi, jioni sauti zimekwisha kushuka.

Nilitazama fremu kwa tochi kutoka juu hadi chini, nisione ufa. Fundi alipima misumari mmoja mmoja kwa ufunguo wake, akaikuta imara isipokuwa michache ya upande wa sauti nene, ambayo yaweza kubadilishwa kwa minene zaidi. Ubao wa mvumo una mpasuko mmoja wa urefu wa kiganja, lakini haujaachana na mbavu zake. Hapa unyevu wa Kagera umetusaidia, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Piano hiyo ingalikaa miaka yote hii hapa Isaka, katika kiangazi chetu ambacho hata milango hupasuka, ubao ule ungekuwa umefunguka vipande vipande. Kule umetunzwa na ukungu wa ziwa. Bloku, ndugu zangu, ni nzima.

Unyevu uleule uliouhifadhi ubao umeiharibu mitambo. Katika nyundo 85, zilizogonga na kurudi zilikuwa 38. Nyingine zilikwenda zisirudi, kwa sababu vitambaa vya viungo vimevimba na pini za shaba zimeota kutu ya kijani. Nyundo 11 zimevunjika mikono. Tepe zote zimeoza. Nondo wamekula sufu upande wa sauti nyembamba hadi mti unaonekana. Chini ya vibonyezo nilikuta kiota cha panya, kimejengwa kwa sufu, maganda ya kahawa na vipande vya karatasi za nyimbo zenye mwandiko wa mwalimu wetu marehemu. Vipande hivyo niliviweka katika bahasha, mwandishi wa kitabu cha historia anavyo.

Basi hapo ndipo tulipo: mwili mzima, viungo vibovu. Vitu vinavyohitajika ni sufu, ngozi, utepe wa pamba, waya wa shaba na gundi. Sufu ya nyundo na pini lazima ziagizwe nje, maana vipimo vyake ni vya nywele. Ngozi na tepe twaweza kupata hapa nchini. Sehemu kubwa ya gharama ni mikono, wala si vifaa, na jambo hilo nitalirudia.

Kabla sijafika huko sina budi kusema juu ya weupe wa vibonyezo. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza, bila ubaya, kama ule weupe si pembe ya ndovu, na kama ni pembe, je, hauwezi kuuzwa ili ulipie matengenezo? Niliusafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo nikautazama juani. Kila kibonyezo kina vipande viwili vilivyounganishwa kwa mstari mwembamba, na katika kila kipande mna michirizi kama nyuzi za mti, ambayo vibonyezo vya kuiga havina. Ni pembe. Wala asitokee mtu wa kuijaribu kwa sindano ya moto kama wafanyavyo wengine. Huacha kovu na haiongezi ujuzi wowote.

Pembe hiyo ilitoka wapi, siwezi kuisomea hati. Lakini biashara yake twaijua. Katika karne ya 19 wakata vibonyezo wa Marekani na Ulaya waliipenda sana pembe laini ya Afrika Mashariki, iliyouzwa Unguja. Kampuni za Hamburg, kama O'Swald na Hansing, zilikuwa na ofisi zao pale kisiwani. Huko Connecticut, Marekani, viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney viliishi kwa pembe hiyo, hata mji mmoja ukaitwa Ivoryton, mji wa pembe. Waliikata vipande vyembamba kama karatasi nene, wakavianika katika nyumba za vioo ili jua livifanye vyeupe. Na njia ya pembe kufika pwani ilikuwa mabega ya watu. Kutoka Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, misafara ilikwenda miezi kadhaa hadi Bagamoyo, na wapagazi mashuhuri kupita wote walikuwa Wanyamwezi, wakilipwa vitambaa, shanga na waya. Kahama yetu ni nchi ya Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma; babu za watu waliomo humu ndani walizibeba. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alipigana miaka mingi kwa ajili ya kuitawala njia hiyo. Tena si wote waliobeba kwa hiari. Kutoka Manyema na mbali zaidi, pembe na utumwa vilisafiri pamoja.

Kwa hiyo piano hii tunayoiita ya Wazungu huenda ilizaliwa nusu yake huku kwetu, ikaenda Ulaya begani, ikarudi kwa reli. Ninasema hivi kwa sababu wako vijana waliouliza kwa nini tutumie jasho letu kwa kitu cha wageni. Hoja yao ni nzuri, lakini imekosea anuani. Katika kitu hicho, kilicho cha watu wetu zaidi ya vyote ni kile kile ambacho mjumbe alitaka kiuzwe. Na kuuza hakuwezekani hata hivyo. Tangu ndovu wa Afrika alipowekwa mwaka 1989 katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa CITES, biashara ya pembe kati ya nchi na nchi imefungwa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ya nchi yetu ni kali kwa mwenye kuuza au kusafirisha nyara bila kibali. Nimewashauri wazee watoe taarifa kwa ofisi ya wanyamapori juu ya vibonyezo hivyo mapema, kabla ya fundi kuvigusa, na wasikubali vipelekwe nje ya nchi kwa matengenezo. Vitatengenezwa pale pale vilipo au visiguswe.

Naja sasa kwenye hoja za wanaokataa, maana sipendi kuzipita mbio. Hoja ya kwanza ni kwamba kanisa letu haliihitaji piano ili liimbe. Ni kweli kabisa. Mchungaji Bernard Kyamanywa, mtu wa Kagera, aliuandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966, na leo unaimbwa katika lugha nyingi duniani. Wala haukuhitaji piano ili ufike huko. Mchungaji Howard Olson, aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo zenye tuni za makabila yetu, zikachapishwa katika "Tumshangilie Mungu", akatuonyesha kwamba ngoma na koo la mwanadamu vyatosha. Hata wamisionari wenyewe, kwa ibada, walipendelea kinanda cha kukanyaga na matarumbeta. Kinanda cha kukanyaga hutoa sauti kwa ndimi za shaba, nazo hukaa miaka na miaka bila kupotea sauti, ilhali piano hudai kusawazishwa kila mwaka. Anayesema tuitengeneze piano ili ibada iwe bora hajaipima vizuri hoja yake, nami siungani naye.

Hoja ya pili ni kinanda cha umeme. Chauzwa Kahama, chabebwa kwa bodaboda, hakipotezi sauti, na vijana wanakijua. Sina la kukipinga. Usharika mama unacho kimoja, na kikiharibika watanunua kingine. Lakini kila mmoja aangalie kilivyo: kikifa, hakuna anayekifungua. Bodi ikiungua hutupwa. Piano ile, baada ya miaka karibu mia, kijana seremala aliyekuwa nami aliielewa yote kwa mchana mmoja kwa macho yake tu, bila kitabu, akaniambia nyundo ipi imevunjika kwa sababu gani. Huyo kijana hajamaliza kidato cha nne.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo hakuna aliyeitoa kikaoni, kwa hiyo naitoa mimi. Tukiitengeneza twaweza kuiharibu. Piano za Cristofori zilizobaki duniani ni tatu tu, zote za miaka ya 1720. Moja iko New York, nayo hulia. Lakini imetengenezwa na kugeuzwa mara nyingi, hata ubao wake wa mvumo ukabadilishwa mwaka 1938, na wataalamu wanakubali kwamba hapana awezaye kujua tena ililiaje mikononi mwa fundi wake. Nyingine iko Roma, imeliwa na wadudu. Ya tatu, ya mwaka 1726, iko Leipzig, mji ambao Walutheri wa Kilimanjaro wanaujua kwa sababu yao wenyewe. Hiyo ndiyo iliyobaki karibu na uasili wake kuliko zile nyingine, na hailii. Wenye kuitunza wamechagua kuiacha kimya kuliko kuibadilisha. Piano yetu si ya makumbusho, viwanda vya Ujerumani vilitoa maelfu ya namna yake, na si dhambi kuibadilisha sufu. Hata hivyo fundi, katika makadirio yake, ameandika kung'oa vibonyezo vya pembe na kuweka vya plastiki, kuweka seti mpya ya nyundo zote 85, kupaka vanishi sanduku lote, na kuzivuta nyaya hadi kipimo cha leo cha 440. Hayo yote ndiyo yaliyofanya bei ipande mara tatu ya kinanda cha umeme. Nimeketi na karatasi hiyo usiku, na nasema bila kusita kwamba nusu yake haihitajiki, na robo yake ni madhara.

Pembe ibaki. Nyundo ambazo mti wake ni mzima zibaki na zivikwe sufu mpya pale tu ilipoliwa. Zile 11 zilizovunjika mikono ziunganishwe kwa vijiti na gundi. Sanduku lisipakwe kitu. Kuhusu 440, piano za zamani za Ujerumani zilitengenezwa kwa kipimo cha chini kidogo, 435, na hii kwa kukaa miaka bila kusawazishwa imeshuka nusu sauti nzima. Kuivuta yote hadi juu kwa mara moja ni kuzijaribu nyaya zenye kutu na gogo kuukuu bila sababu. Isawazishwe hapo hapo ilipo, nusu sauti chini. Matokeo yake ni kwamba haitapigwa pamoja na matarumbeta, itapingana nayo. Hilo halinisumbui. Kazi yake iwe ile iliyokuwa nayo zamani, ya chumba cha mazoezi, kumfundisha mtoto wa soprano mstari wake na kijana wa besi mstari wake, na kumpa mwenye vidole nafasi ya kujifunza kwamba sauti ndogo na sauti kubwa hutoka mkononi, si kwenye kitufe.

Ukiyaondoa hayo, kazi inayobaki ni tepe, vitambaa vya viungo, pini, springi, sufu ya upande mmoja, usafi na kusawazisha. Fundi amekiri kwamba hiyo ni kazi ya wiki sita. Kwa hesabu yake mpya gharama inashuka hadi karibu na bei ya kinanda kimoja cha umeme. Ndipo nami nasema inafaa kutengenezwa, ila nina mambo mawili ambayo yasipokubaliwa nitaomba tusitoe hata shilingi.

La kwanza ni chumba. Kurudisha mitambo mipya katika ghala la kahawa ni kuwalisha panya na nondo kwa sufu ya kigeni. Chumba cha kwaya kilichopasuka mwaka 2016 hakijatengenezwa ukuta wake hadi leo. Ukuta kwanza, dari kwanza, kisha nyundo. Wazee wetu nyumbani wataniwia radhi nikisema kwamba wameweka mwisho mbele. Bwana wetu aliposema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, alimweka chini kwanza akahesabu.

La pili ni mikono. Nimetangulia kusema kwamba gharama kubwa ni mikono. Mafundi wa piano katika nchi yetu ni wachache mno, na anayetoka Nairobi hulipwa safari, chakula na malazi kabla hajashika bisibisi. Ikiwa atakuja, akatengeneza peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, akaondoka, basi utepe wa kwanza kukatika miaka mitatu ijayo utairudisha piano ghalani. Kwa hiyo nimependekeza mkataba useme waziwazi kwamba yule kijana seremala atafanya kazi pamoja naye siku zote za wiki sita, kwa posho, na kwamba nyundo nane za mwisho atazifanya yeye mwenyewe, fundi akitazama. Vivyo hivyo walimu wa kwaya wachague vijana wawili, ikiwezekana mmoja wa kiume na mmoja wa kike, waanze sasa masomo ya kinanda. Ruhija iko Kagera kule kule, nayo imewafundisha wengi muziki wa kanisa. Si lazima twende mbali. Piano isiyopigwa huharibika upesi kuliko inayopigwa. Viungo visivyotembea huganda, na nondo hupenda sufu isiyosumbuliwa. Hata tukizipata fedha zote leo jioni, piano isiyo na mpigaji itakuwa kama ilivyo sasa ndani ya miaka kumi.

Wako watakaouliza: je, fedha hizo zisiende kwenye tangi la maji? Nimelifikiria sana, maana mama zangu hapa mbele wanajua umbali wa kisima cha nyumbani. Jibu langu ni kwamba tangi litangulie. Sikubali piano ichukue hata ndoo moja. Ndiyo sababu nimeomba michango hii itenganishwe kabisa, asiwepo mtu anayedhani amechangia maji kumbe amenunua sufu.

Hatua ya karibu ni hii. Fundi amekubali kufanya kwanza nyundo 12 za katikati, yaani okteva moja, kwa malipo ya kazi hiyo tu, ili tusikie kama viungo vya zamani vitashika na kama ubao unavuma kama tunavyotumaini. Zikishindikana tunaacha hapo, mitambo inapakwa dawa ya nondo, inafunikwa, na piano inawekwa katika chumba cha kumbukumbu pamoja na picha za wachungaji wa kwanza. Zikifaulu, ukuta ukiwa umekwisha, tunaendelea. Kamati imeahidi kutuletea sauti iliyorekodiwa ya hizo 12 kabla ya Majilio, nasi tutaisikiliza hapa hapa kwenye simu ya mwinjilisti.

Mtunza hazina ana karatasi mbili, moja ya tangi na ukuta, nyingine ya piano. Zitapita kuanzia benchi la nyuma. Anayetaka kuandika kwenye moja tu aandike kwenye ya kwanza.